Mate na Machozi

Siku Bi Chausiku alipozikwa, wanawake wa Dunda walimtazama mkaza mwanawe kuliko walivyolitazama jeneza. Jeneza lilipita ukumbini limefunikwa shuka la kijani, wanaume wakilipokezana mabegani na kuleta tahalili, na kilio cha wanawake kikapanda mpaka kwenye mabati. Nadhira, binti wa marehemu, alishikwa na watu watatu. Mashangazi waliotoka Miono walikuwa wamelowa kanga zao vifuani. Katikati yao Mardhiya alikaa kimya, mikono mapajani, macho makavu kama ya mtu anayesubiri basi.

Si kwamba hakutaka kulia. Tangu alfajiri, alipomkuta mama mkwe wake amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mwili umekwisha kupoa, kilio kilikuwa kimemjaa kifuani kikitafuta pa kutokea. Kilipanda kooni, kikafika machoni, na hapo kikakauka. Macho yaliwaka tu. Alipoyapepesa alihisi mchanga chini ya kope, na ukumbi wote ukaonekana kama unaotazamwa kupitia shashi: wanawake wasio na kingo, sauti zinazotoka mbali, mwanga wa mlangoni mweupe kupita kiasi. Ikawa kama anaelea. Kuna wakati alidhani aliyekufa ni yeye, na hawa wote wamekuja kumzika.

"Hata tone," mtu alinong'ona nyuma yake.

"Na ndiye aliyeishi naye," mwingine akajibu. "Miaka kumi na minane, nyumba moja, jiko moja."

Mardhiya aliwasikia. Akauvuta ushungi mbele, na si kwa ajili ya macho peke yake. Chini ya masikio, pande zote mbili, alihisi mashavu yanaanza kujaa tena.

Uvimbe ule ulikuwa na tabia zake. Ulimjia mara nne au tano kwa mwaka, bila hodi. Asubuhi aliamka na uso wake, jioni akalala na uso wa mtu mwingine, mashavu yamefura mpaka ndewe za masikio zimeinuka. Kula kukawa adhabu. Tonge la kwanza likigusa ulimi tu, maumivu yalimchoma kutoka kwenye taya hadi ndani ya sikio. Ulikaa juma moja, wakati mwingine mawili, kisha ukajiondokea.

Zahanati walimwambia ni machubwichubwi, maradhi ya watoto. Mardhiya akacheka moyoni. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, machubwichubwi mara ya sita? Akapewa vidonge. Kliniki moja ya barabarani wakasema ni jino, wakamng'oa gego zima lisilokuwa na tundu, na mwezi uliofuata mashavu yakarudi yakamkuta na pengo. Wa tatu alimpima virusi vya Ukimwi, kwa kuwa tezi za namna ile, alisema, yeye anazifahamu. Majibu yakatoka safi. Akampima tena baada ya miezi mitatu, safi. Mara ya tatu, Mardhiya alipokuwa akitoka chumba kile, alikutana uso kwa uso na jirani aliyepeleka mtoto chanjo. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua chumba alichotoka. Majibu aliyotoka nayo hakuna aliyeyauliza.

Katika nyumba ile ni Bi Chausiku tu aliyemwona na asiseme kitu. Wote wawili walishona kofia za mkono, kazi ambayo Mardhiya alifundishwa na mama mkwe wake baada ya kuolewa. Uzeeni macho yalimpungua bibi yule, akawa halioni tena tundu la sindano. Mardhiya aliliona, lakini siku moja alipoitia ncha ya uzi mdomoni ailoweshe, ilitoka kavu kama ilivyoingia. Akarudia. Akarudia tena. Bi Chausiku akamsikia anavyohangaika, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Akaulowesha uzi yeye, akaisokota ncha kwa vidole viwili, akamrudishia. Tangu siku ile wakawa hivyo, mate ya mmoja na macho ya mwenziwe, na kofia zikaendelea kutoka. Hawakuwahi kulizungumza. Wala Sufiani, aliyekuwa mwana wa mmoja na mume wa mwingine, hakulijua.

*

Siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, wanawake walikuwa uani wanaosha vyombo. Mardhiya aliona kikombe kimoja kimewekwa peke yake juu ya dirisha la jiko.

"Hiki cha nani?"

"Chako, wifi," Nadhira alisema bila kuinua uso. "Tumekitenga. Usichukie. Watu hapa wana watoto wadogo."

"Nimepimwa mara tatu, Nadhira. Sina."

"Mimi sikusema una nini."

Maji ya sabuni yalisikika yakimwagika. Shangazi mmoja alikohoa. Nadhira akaiweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, na sasa akamtazama mke wa kaka yake. Uso wake mwenyewe ulikuwa umevimba kwa siku tatu za kulia.

"Neno langu mimi ni moja," alisema. "Mama alikupa jiko lake. Akakupa kazi ya mikono yake, ambayo hata mimi mwanawe sikuishika. Amekufa yuko na wewe. Hata chozi la kuazima, wifi? Hata la kuwafumba watu macho?"

Mardhiya alifungua kinywa ajibu. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Maneno yalikuwepo, aliyahisi, lakini hayakuwa na cha kuyatelezesha yatoke. Akakichukua kikombe kile dirishani, akakinga maji bombani, akanywa, akakinga tena. Kwake ilikuwa njia ya pekee ya kupata sauti. Kwa waliokuwa wakimtazama alikuwa mtu anayekunywa maji kwa raha zake huku akisemwa.

Alipokishusha kikombe alimwona Sufiani amesimama mlangoni. Hakujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Sufiani aliutazama uso wake, akakitazama kikombe, kisha akageuka akarudi kwa wanaume wenzake.

*

Sufiani alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge. Baada ya msiba alianza kuondoka kabla jua halijachomoza, akirudi na weupe wa chumvi kwenye vifundo vya miguu. Akahamia chumba cha mama yake. Alisema ni kwa ajili ya kumsomea. Mardhiya alimtandikia, akampelekea chai, akasubiri. Siku ya sita ndipo mumewe alipomsimamisha ukumbini.

"Niambie kweli. Ulikuwa na kitu na mama?"

"Sufiani!"

"Watu wananiuliza. Hata kazini wananiuliza. Na mimi mwenyewe nilikutazama, Mardhiya. Wakati tunamtoa nilisema moyoni, sasa hivi atalia. Sasa hivi. Mpaka tukavuka kizingiti."

"Machozi hayatoki."

"Kwa nini hayatoki?"

"Sijui."

Lilikuwa jibu la kweli na halikumsaidia yeyote. Sufiani aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeoneshwa bei na kuona haiwezi, akatoka.

Adhuhuri ile homa ya mashavu ilimlaza Mardhiya kwenye mkeka. Usingizi ulimchukua macho yakiwa nusu wazi. Aliota anatembea kwenye mashamba ya chumvi, meupe, marefu, yasiyo na mwisho, na chini ya kila hatua yake maji yalikuwa yanabubujika kutoka ardhini. Yalimfika magotini. Akainama akayachota kwa viganja, akayaonja, yakawa matamu. Akanywa. Akanawa uso, akanawa macho, na macho yakayapokea maji kama udongo wa kiangazi. Alikuwa anacheka. Alipozinduka ulimi ulikuwa umenasa kwenye meno, na kwa muda alikaa akitazama boriti za dari asijue ni upande upi wa ndoto.

*

Nyuzi za kofia ziliisha wiki ya pili. Mardhiya alijifunga ushungi, akatembea hadi dukani kwa Mzee Hassanali, Mhindi wa vitambaa ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia Bi Chausiku nyuzi alipokuwa msichana.

"Shikamoo, Mzee Hassanali."

"Marahaba, Bi Mardhiya. Pole sana. Pole, mama. Kaa kwanza, usinunue kitu umesimama." Alimsogezea stuli, akafungua bati la biskuti. "Chukua. Mtu aliyefiwa hakatai kitu."

Mardhiya alichukua moja kwa adabu. Akaitafuna. Ikawa unga mdomoni, unga uliozunguka bila kujua njia, na pale pale maumivu yakampanda masikioni. Akaomba maji kwa ishara ya mkono.

Nyuma ya kaunta, mtu aliyekuwa akila chakula chake cha mchana aliweka kijiko chini. Alikuwa Zahabiya, binti wa mzee, daktari wa meno, aliyekuja kula kwao kama kila siku. Alimletea maji, akasimama akimwangalia anavyokunywa.

"Biskuti moja, glasi nzima," alisema. "Siku zote ndivyo, Bi Mardhiya?"

"Siku hizi."

"Wali mkavu? Mkate?"

"Mpaka niusukume na maji."

"Na haya mashavu, huvimba na kunywea?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Macho je?"

"Kama yana mchanga."

Zahabiya alivuta jora la kitambaa, akakaa juu yake, magoti yake yakakaribia ya Mardhiya. "Ukilia," aliuliza kwa sauti ya chini, "machozi hutoka?"

Mardhiya alihisi damu ikimpanda usoni. Alidhani maneno ya matangani yamefika mpaka huku.

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa na mtu. Ndiyo maana nauliza."

Katika miaka mitatu, zahanati, kliniki na vyumba vyote vile, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mardhiya alitikisa kichwa. Hayatoki.

Zahabiya alimpeleka mlango wa nyuma penye mwanga, akanawa mikono, akamfungua kinywa. Akabonyeza shavu kutoka nje, polepole kuelekea mbele, huku akichungulia ndani. "Mate hutokea hapa, mkabala na magego. Nikikamua hivi yanatakiwa yachuruzike. Angalia, pakavu." Akasimamisha kidole kwenye pengo. "Na hili nani kalitoa?"

"Walisema ndilo linalovimbisha."

Zahabiya alitoa kidole, akanawa tena mikono. Kisha akaomba karatasi kwa baba yake. "Hili limekizidi kiti changu cha meno," alisema akiandika. "Nenda Dar, hospitali kubwa, kwa daktari niliyemwandika hapa. Si jino wala si machubwichubwi. Nina ninachokidhania, lakini sitakutajia jina kabla hawajapima. Na uende na mumeo."

"Mume wangu hana nafasi."

"Mwambie nimesema mimi, mtoto wa Hassanali."

Jioni Mardhiya aliiweka barua mbele ya sahani ya Sufiani, akaenda zake jikoni. Sufiani aliisoma akiwa na tonge mkononi. Alipofika mstari usemao mgonjwa hatoi machozi kwa muda mrefu sasa, alilirudisha tonge sahanini. Akausoma mstari ule mara nyingi. Asubuhi Mardhiya alimkuta amevaa shati la Ijumaa, amekaa barazani anamsubiri.

*

Daktari aliyewapokea Dar alikuwa mtu mnene, mpole, aitwaye Ishaka, ambaye aliuliza maswali akisubiri majibu yaishe. Walikuwa wamesubiri tangu saa mbili hadi saa saba kwenye benchi la ukumbi mrefu, watu wakipita na mafaili, na Mardhiya alikuwa amefika mahali ambapo kila kitu kinapita kama nyuma ya kioo cha bafu.

"Haya ni makaratasi tu," Ishaka alisema, akimwonesha vipande viwili vyembamba vyenye mistari midogo. "Nakukunjia kimoja kwenye kope la chini, huku na huku. Unafumba macho dakika tano. Jicho la kawaida huilowesha karatasi mpaka hapa, zaidi ya nusu. Usiogope, mama. Hata ukitaka kulia, lia, utatusaidia."

Sufiani alikuwa amesimama ukutani. Aliona karatasi zikiwekwa, aliona mkewe akifumba macho.

Ndani ya giza lile Mardhiya alikuwa peke yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakuna aliyekuwa akimpima huzuni yake. Alikuwa anapimwa maji tu. Mama mkwe wake akamjia alivyokuwa alfajiri ile, mkono chini ya shavu, kana kwamba anasikiliza kitu cha kupendeza ndani ya mto. Kifua kikajaa. Mabega yakaanza kutikisika. Kidevu kikamcheza, pumzi ikakatika vipande vipande, na sauti nyembamba ikamtoka, sauti ambayo Sufiani hakuwa ameisikia tangu walipompoteza mtoto wao wa kwanza na wa mwisho.

Alikuwa analia. Sufiani aliona wazi kwamba analia. Na zile karatasi mbili nyeupe zikaning'inia machoni pake, kavu, zikitikisika kwa kila kwikwi. Sufiani akatazama saa ya ukutani. Dakika mbili. Tatu. Akajikuta anaziombea karatasi zilowe, akizitazama kama siku ya mazishi alivyomtazama mkewe ukumbini, sasa hivi, sasa hivi. Dakika nne. Tano.

Ishaka alizichomoa akaziweka juu ya rula. "Kulia, milimita moja," alimwambia muuguzi aandike. "Kushoto, hakuna."

Sufiani akatoka nje. Aliporudi, mbele ya shati lake la Ijumaa palikuwa pamelowa, na wala hakujaribu kupaficha.

"Ndivyo ulivyolia siku ile?"

"Ndivyo."

"Siku zote tatu?"

"Mpaka leo, Sufiani."

Akakaa kwenye kiti kando yake. Hakumshika mkono, kwa kuwa watu walikuwepo na yeye si mtu wa hivyo, lakini aliuchukua mkoba wake akaupakata, na aliendelea kuupakata kutwa nzima, kila chumba walichotumwa: kwenye damu, kwenye mashine ya kupiga picha za tezi ambayo haikuona mawe yoyote yanayoziba mate, na pale alipochanwa kidogo ndani ya mdomo wa chini ili watoe vijinyama vya kupimwa. Bima ya kazini ilikubali vipimo vyote isipokuwa cha vijinyama. Sufiani akatoa simu akalipa, kabla mkewe hajageuka kuuliza.

Majibu yalichukua wiki tatu. Waliporudi, Ishaka aliwaandikia jina kwenye kipande cha karatasi, kisha akalitamka polepole kama linavyotamkwa. Shogreni.

"Ni jina la mtu aliyeueleza," alisema. "Kinga ya mwili wako imekosea njia, mama. Badala ya kupigana na maradhi inazipiga tezi zako mwenyewe, za mate na za machozi. Ndiyo maana mashavu yanavimba. Hauambukizi. Hauambukizi kwa kikombe, kwa kitanda, wala kwa chochote. Na hukuufanya wewe."

"Unapona?" Sufiani aliuliza.

"Hauondoki. Unatulizwa. Kuna machozi ya chupa ya kutia machoni, kuna dawa ya kuituliza kinga, kuna maji ya kunywa kidogo kidogo, kutwa. Meno yake Zahabiya atayalinda. Na mashavu haya nitakuwa nayashika kila baada ya miezi. Ukiona uvimbe mmoja umekuwa mgumu na haunywei, usisubiri tarehe, njoo siku hiyohiyo. Hilo nakwambia kwa sababu wachache huwapata makubwa zaidi. Wachache. Lakini sitaki kukuficha."

Mardhiya alikuwa anaitazama ile karatasi. Alijua angepaswa kuogopa, na hofu ilikuwepo kweli, imekaa mahali fulani inamngoja. Lakini kwa sasa alihisi wepesi wa ajabu. Miaka mitatu kitu hiki kilikuwa kikiingia na kutoka mwilini mwake kama mgeni asiyejitambulisha, na kila mtu mtaani alikuwa amempa mgeni yule jina la kwake. Leo ameambiwa anaitwa nani.

"Shogreni," alisema. Akarudia, apate kulizoea.

*

Arobaini ya Bi Chausiku ilisomwa nyumbani kwake siku ya Jumapili. Uani kulikuwa na masufuria matatu, moshi wa kuni mbichi ulizidi, na wanawake walewale walikuwa wamekaa kwenye mikeka ileile. Asubuhi Sufiani alikuwa ameongea na dada yake faraghani, muda mrefu. Nadhira alitoka pale uso umekaza, akaenda moja kwa moja kusimamia wali.

Mardhiya alikaa karibu na mlango, chupa ya maji mkononi, akinywa kidogo kidogo alivyoagizwa. Aliona wanavyomtazama kila anapoinua chupa. Mashavu yake yalikuwa yamenywea upande mmoja na mwingine bado, kwa hiyo uso wake ulikuwa umekaa upande upande, na mtoto mmoja alikuwa akimkodolea macho kwa mshangao mpaka mama yake akamvuta.

Sinia zikaanza kupita. Wanawake wakakaa wanne wanne. Hakuna aliyemwita Mardhiya, wala aliyemkataa; ilitokea tu kwamba kila sinia imejaa. Alikuwa anafikiria kwenda kula chumbani Nadhira alipokuja akiwa na sahani moja ya bakuli na upawa mkononi, akaiweka sahani mkekani, kisha akaketi chini mbele yake kwa uzito wa mtu aliyesimama tangu alfajiri.

"Mimi hayo majina ya kidaktari siyawezi," Nadhira alisema. Aliongea akiitazama sahani. "Kaka kaniambia wali mkavu haukupiti. Nimekutilia mchuzi mwingi. Na nyama nimekuchagulia ile iliyoiva sana."

Mkeka wa jirani ulinyamaza. Nadhira aliusikia ukimya ule, akanawa mkono kwenye bakuli la maji, akamega tonge la kwanza yeye mwenyewe kutoka sahani ileile, akala. Kisha akaisukuma kwa Mardhiya.

Mardhiya akamega. Tonge lilipogusa ulimi maumivu yakaja, yakamchoma taya hadi sikioni. Akafumba macho mpaka yapite. Alipoyafumbua Nadhira alikuwa analia, machozi yakimtiririka bila sauti hadi kidevuni, huku mkono wake mmoja umeshika upawa.

"Niongeze mchuzi?" aliuliza.

Mardhiya aliinua kidole kumwomba asubiri, kwani kinywa kilikuwa bado kimejaa na tonge lilikuwa bado linatafuta njia. Alitafuna polepole. Uani watu walikuwa wanamwita Nadhira, wali unahitajika, mashangazi wa Miono hawajapata. Nadhira hakuinuka. Alikaa na upawa wake hewani, akimtazama wifi yake kooni, akingoja ameze.